Cyprien Rugamba: maisha ya mtunzi ambaye nyimbo zake bado zinaimbwa Kigali

Kabeza, Kigali – Jumamosi jioni kwaya nyingi za Kigali huwa kwenye mazoezi. Ukikaa karibu na kanisa la Kikatoliki, haipiti muda kabla ya kusikia wimbo wa Rugamba. Wanaoimba ni vijana waliozaliwa baada ya yeye kufa, na siku hizi utakuta kati yao Warundi na Wakongomani waliokimbilia hapa. Kwa Mrundi maneno yanaeleweka karibu yote, kwa sababu Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za nyumba moja. Kwa Mkongomani wa Masisi au Rutshuru anayezungumza Kinyarwanda, hakuna cha kutafsiri. Wimbo wanaujua vizuri, lakini ukiwauliza mtunzi alikuwa nani, wengi wanajibu tu kwamba alikuwa mtu wa Mungu aliyeuawa mwaka 1994. Jibu ni sahihi, ila limeacha mengi, na mengine aliyoyafanya si ya kujivunia.

Rugamba, ambaye Wanyarwanda humwita Sipiriyani, alizaliwa mwaka 1935 hivi, upande wa Cyanika, katika mkoa wa zamani wa Gikongoro. Ndugu zetu wanaoishi kambi ya Kigeme wanaijua Cyanika, kwa sababu wako wilaya moja nayo, Nyamagabe. Ni nchi ya milima, baridi na mvua. Akiwa kijana aliingia seminari akitaka kuwa padri, kisha akaacha. Alienda kusoma Burundi, baadaye Ubelgiji. Katika miaka hiyo imani ikamtoka. Alirudi akiwa msomi anayependa mashairi na asiyependa kanisa.

Kabla ya hapo alikuwa amepata pigo. Alikuwa na mchumba, Xaverine Mukahigiro. Mwishoni mwa mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964 Watutsi wengi wa Gikongoro waliuawa, na Xaverine alikuwa kati yao. Mwaka 1965 Rugamba alimwoa Daphrose Mukansanga, binti wa Cyanika, ndugu wa Xaverine. Ndoa haikuanza vizuri. Muda mfupi baadaye alisikiliza maneno ya watu kuhusu mke wake, akayaamini, akamrudisha kwao. Ilipita miezi kabla ya kumchukua tena. Hata waliporudiana, kwa miaka mingi hakuwa mume mwaminifu, na alipata mtoto nje ya ndoa. Daphrose alibaki, akazaa, akalea, akasali. Tunayataja haya kwa sababu watu waliomfahamu hawakuyaficha, na kwa sababu bila hayo mtu huwezi kuelewa kilichobadilika baadaye.

Wakati huohuo jina lake katika sanaa lilikuwa linapanda. Alifanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Sayansi, INRS, kule Butare, na akaja kuwa mkurugenzi wake. Kazi yake pale haikuwa ya kukaa mezani na kungoja wazo lishuke. Alisikiliza wazee. Rwanda ya wafalme ilikuwa na fasihi kubwa isiyoandikwa: ibisigo, mashairi marefu ya kuwasifu wafalme, yaliyotunzwa kichwani kizazi hadi kizazi, ibyivugo, majigambo ya mashujaa, na amazina y'inka, mashairi ya kusifu ng'ombe. Kulikuwa pia na ngoma, inanga, na uchezaji wa intore. Ufalme ulifutwa mwaka 1961. Watu waliobeba mambo hayo vichwani walikuwa wanazeeka, na mzee akifa anaenda na maktaba yake. Mwaka 1987 Rugamba alitoa kitabu kwa Kifaransa kuhusu mashairi hayo ya kifalme na historia.

Lakini kitabu hakikumtosha. Alianzisha kundi la nyimbo na ngoma, Amasimbi n'Amakombe, lililocheza ndani ya nchi na nje. Hapo ndipo mawazo yake kuhusu sanaa yanaonekana wazi kuliko mahali pengine. Kwake urithi haukuwa kitu cha kufungia kwenye kabati la makumbusho. Wimbo wa zamani unaishi pale tu mtu mwenye mwili na jasho anapousimamia. Kwa hiyo mchezaji wake alitakiwa kujua maana ya kila hatua ya mguu, na mwimbaji alitakiwa kujua neno la zamani limetoka wapi. Yeye mwenyewe alitunga nyimbo mpya kwa kutumia misingi ileile. Wapo wanaokumbuka hasa wimbo wake Inda nini, unaowasema watu wenye tamaa, wale ambao tumbo lao halijui kushiba. Ni wimbo wa kuchekesha mpaka pale unapogundua kwamba unakusema wewe.

Kulikuwa na jambo jingine zito katika kazi hiyo, na msomaji wa leo anaweza kulipita bila kuliona. Katika jamhuri ya wakati ule, mambo ya ikulu ya zamani yalihesabiwa na wengi kuwa mambo ya Watutsi. Rugamba aliyachukua kama mali ya Wanyarwanda wote. Lugha ni moja, ngoma ni moja, mithali ni zilezile. Basi nani ana haki ya kuzigawa? Kundi lake lilikuwa jibu la swali hilo.

Mwaka 1982 aliugua vibaya, hata akasafirishwa kwenda Ulaya kutibiwa. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba ndani ya ndege, wakati akili yake yenyewe ilikuwa imechoka na haina nguvu ya kutunga, wimbo ulimjia. Ulikuwa wimbo wa imani. Kwa mtunzi aliyezoea kutafuta, kulinganisha na kufuta, kupewa wimbo bila kuutafuta lilikuwa jambo jipya. Alirudi nyumbani mtu mwingine. Aliomba msamaha kwa Daphrose, na ndoa yao ilianza upya baada ya miaka 17. Walikuwa na watoto kumi.

Kuanzia hapo alitunga nyimbo nyingi za kanisa, na ndizo zinazoimbwa hadi leo. Cha kuangalia ni kwamba hakutupa aliyojifunza kwa wazee. Mpangilio wa maneno, mapigo ya ngoma, namna ya kuinua sauti na kuishusha, vyote vilitoka kwenye urithi uleule aliokuwa ameuchimba kwa miaka. Wimbo uliokuwa wa kumsifu mfalme uligeuka kumsifu Mungu, na mikono ya mchezaji ikabaki imeinuliwa kama pembe za ng'ombe. Wengine walidhani msomi mkubwa amejishusha. Mimi naona ni kinyume chake: hapo ndipo alipopata watu wa kuimba naye. Kabla ya hapo alikuwa na watazamaji.

Familia ilihamia Kigali. Mwaka 1989 yeye na Daphrose walienda Ufaransa, mji wa Paray-le-Monial, wakakutana na Jumuiya ya Emmanuel. Mwaka 1990 waliianzisha Rwanda. Mwaka huohuo vita vilianza Oktoba. Watu waliokimbia mapigano kaskazini walijaa pembeni mwa Kigali, na watoto wa mitaani, wale wanaoitwa mayibobo, waliongezeka. Daphrose alianza kuwapikia chakula, na kazi hiyo ilikua mpaka ikawa na kituo. Kituo chenye majina ya wazazi hao wawili bado kipo Kigali na bado kinapokea watoto.

Sasa tufike kwenye vitambulisho. Msomaji mkimbizi hahitaji kuelezwa sana uzito wa karatasi. Kuna karatasi inayokufungulia njia kwenye kizuizi, na kuna inayokuua. Tangu miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kila Mnyarwanda mtu mzima alikuwa na kitambulisho kilichoandikwa kabila lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulipokuja, neno hilo halikufutwa. Rugamba alitaka lifutwe, na alilisema mbele ya wakubwa wa nchi, katika miaka ambayo wengine walikuwa wanatumia redio na magazeti kuchochea chuki. Yeye hakutaka kuitwa kwa kabila. Hakujiunga na vyama vya chuki, ingawa mtu mwenye jina kubwa kama lake angepokelewa kwa shangwe. Kwa mtunzi ambaye alitumia nusu ya maisha kuonyesha kwamba utamaduni ni mmoja, kukubali neno lile kwenye kitambulisho kungekuwa sawa na kuchana vitabu vyake mwenyewe. Na wakati ule, kulikataa hadharani kulitosha kuingiza jina lako kwenye orodha ya watu wa kuuawa.

Tarehe 6 Aprili 1994, usiku wa saa mbili na dakika zake, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Kanombe ni hapa jirani. Kutoka Kabeza uwanja wa ndege unauona. Usiku huo Rugamba, Daphrose na watoto waliokuwa nyumbani walikesha wakisali mbele ya Ekaristi, ambayo walikuwa wameruhusiwa kuitunza nyumbani kwao. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili askari waliingia. Walimuua yeye, mke wake na watoto wao sita, pamoja na watu wengine waliokuwa ndani ya nyumba. Ilikuwa siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na wauaji walikuwa na haraka ya kuwamaliza kwanza watu ambao sauti zao zingesikilizwa.

Baada ya 1994 neno la kabila liliondolewa kwenye vitambulisho vya Rwanda.

Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza Cyprien na Daphrose kuwa wenye heri. Hatua ya jimbo la Kigali ilimalizika mwaka 2021 na mafaili yakapelekwa Roma. Mmoja wa watoto walionusurika, Dorcy Rugamba, alikuwa Butare siku ile. Alikuwa amejifunza kucheza katika kundi la baba yake. Alienda Ubelgiji, akawa mwigizaji na mwandishi, na alikuwa kati ya watu waliotengeneza tamthilia ndefu iitwayo Rwanda 94. Mwaka 2024 alitoa kitabu kwa Kifaransa, barua kwa waliokufa, na ndani yake anawarudisha wazazi na ndugu zake kama watu walioishi, waliocheka na kucheza ngoma, kabla ya kuwa majina kwenye ukuta wa kumbukumbu. Leo anafanya kazi za sanaa Kigali, akisaidia wasanii wengine.

Anayetaka kusikia nyimbo za Rugamba hahitaji tiketi. Misa ya Kinyarwanda ya Jumapili asubuhi inatosha, parokia yoyote ya Kigali, na hata kambini kama kuna kwaya. Ukisikia ngoma inaingia polepole, na akina mama wa mbele wanaanza kuinua mikono kabla ya kuinua sauti, muulize jirani yako huo ni wimbo wa nani.