Livingstone wa Ujiji na kipimo cha kifua

Wadau, kila aliyesoma Kigoma anaijua ile stori ya Livingstone na Stanley pale Ujiji, Novemba 1871. Leo tuiache. Wengi wanasahau kwamba mzee yule alikuwa daktari, tena kidogo akwame mtihani kwa sababu ya stetoskopu, kile chombo cha kusikilizia kifua.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 tu alishaanza kibarua kiwanda cha pamba. Mwaka 1840 akaenda Glasgow kutahiniwa udaktari. Stetoskopu enzi hizo ni bomba la mti tu, Laennec wa Ufaransa aliibuni 1816. Mada aliyoiandikia jamaa ilihitaji chombo hicho, na watahini wakambishia: hivi kweli kinaonyesha yote yanayosemwa? Wakamkamua maswali kuliko kawaida, ila cheti akapata.

Mimi naona swali lao halikuwa la kijinga.

Machi 1869 Livingstone alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na kufika Ujiji yuko hoi, nimonia imeshika pafu la kulia. Sanduku lake la dawa lilishaibwa tangu 1867, na dawa nyingine alizoletewa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, huko Tabora. Akapata nafuu, akaenda zake Manyema, na mwaka 1870 vidonda vya miguu vikamkalisha Bambarre kwa miezi.

Mwaka huohuo huko Würzburg, Ujerumani, Adolf Fick akaeleza jinsi ya kukokotoa damu inayosukumwa na moyo kwa dakika: unapima oksijeni ambayo mwili unatumia, halafu unaigawa kwa tofauti ya oksijeni kati ya damu inayotoka moyoni na ile inayorudi. Mtu mzima aliyepumzika ni kama lita 5. Shida ni kwamba hesabu hiyo inataka mwili uwe umetulia. Mgonjwa akiwa anavuja damu, presha inapanda na kushuka, utasoma namba ya hali iliyokwishapita! Mashine za leo za wagonjwa mahututi nazo zinaweza kuyumba hivyohivyo, ndio maana daktari makini anagusa pia mikono kama ni ya baridi na anaangalia mkojo unatoka kiasi gani.

Livingstone alivuja damu kuanzia mwisho wa Machi 1873. Tarehe 10 Aprili akaandika kwenye shajara yake kuwa amepauka na nguvu zinamwishia. Alifariki karibu tarehe 1 Mei kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Aliyempasua ni Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, ili mwili ukaushwe na akina Chuma na Susi waubebe mpaka Bagamoyo. Akawaonyesha wenzake mapafu: yamekauka, yana mabaka meusi na meupe. Upande wa kushoto kulikuwa na donge la damu kubwa kama kiganja. Moyo wakauzika palepale, chini ya mti.