William Deng Nhial na Vyama Vikubwa vya Khartoum

Wengi wa askari na polisi wanaolinda Juba leo hawakuwa wamezaliwa siku William Deng Nhial alipouawa, mwezi Mei, 1968. Jina lake wanalisikia. Yafaa waijue na safari ya maisha yake, kwani ni safari ya mtu aliyetafuta kwa uvumilivu mkubwa kujua kama vyama vikubwa vilivyotawala Sudan vilitofautiana kweli.

Marehemu alizaliwa mwaka 1929 katika nchi ya Tonj, Bahr el Ghazal, miongoni mwa Wadinka. Alipata elimu, akawa ofisa wa utawala serikalini. Miaka ile ilikuwa ya matumaini yaliyochanganyika na uchungu. Mwaka 1954, Waingereza walipoanza kukabidhi kazi zao kwa wananchi, nafasi zipatazo 800 ziligawiwa, na watu wa Kusini walipata 6 tu. Agosti 1955 askari wa Kikosi cha Kusini waliasi huko Torit. Desemba mwaka huo huo wabunge wa Kusini walikubali kuunga mkono uhuru, baada ya kuahidiwa kwamba ombi lao la serikali ya shirikisho lingefikiriwa kikamilifu.

Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa Ismail al-Azhari wa chama cha National Unionist. Mwaka 1958, ombi lile lilipokataliwa, serikali ilikuwa mikononi mwa mahasimu wake wa chama cha Umma na washirika wao. Chama kimoja kiliahidi, kingine kikatupilia mbali ahadi. Novemba 1958 Jenerali Ibrahim Abboud alitwaa madaraka, na vyama vyote vikapigwa marufuku.

Chini ya utawala huo Deng alikimbilia uhamishoni. Mwaka 1962, mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa, yeye, Joseph Oduho na Padri Saturnino Lohure waliunda chama kilichokuja kuitwa SANU. Deng alikuwa Katibu Mkuu. Mwaka 1963 yeye na Oduho walitoa kitabu cha kuueleza ulimwengu tatizo la Sudan Kusini. Wakati huo wapiganaji wa Anyanya walikuwa wamekwisha kuingia msituni.

Oktoba 1964 wananchi wa Khartoum walimwangusha Abboud. Deng alifanya jambo ambalo wenzake wengi walilipinga: alirudi nyumbani. Aliamini kwamba vyama vilivyorudi kwa nguvu ya umma vitasikia kilio cha umma. Machi 1965 alihudhuria Mkutano wa Meza ya Duara mjini Khartoum, mbele ya wajumbe watazamaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Yeye aliomba shirikisho. Wengine wa Kusini walitaka utengano. Vyama vya Kaskazini, vilivyokuwa vikishindana kila siku, vilisimama pamoja kuyakataa yote mawili.

Juni 1965 Umma na National Unionist ziliunda serikali moja chini ya Muhammad Ahmad Mahgoub. Mahasimu hao walipatana hasa katika jambo moja, nalo ni kuimaliza Kusini kwa bunduki. Usiku wa tarehe 8 Julai, 1965, askari waliingia mitaani hapa Juba, wakaua raia na kuteketeza nyumba zao. Siku tatu baadaye, huko Wau, makumi ya watu waliuawa kwenye sherehe ya arusi. Mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Wananchi wa Kusini waliona kwamba nyasi huumia hata mafahali wakipatana.

Hata hivyo Deng hakukata tamaa. Umma ilipogawanyika mwaka 1966, na kijana Sadiq al-Mahdi akawa Waziri Mkuu, Deng alimkaribia. Katika uchaguzi wa Kusini wa mwaka 1967 SANU ilipata viti 10. Lakini Sadiq aliposhika serikali vita havikukoma, na Mei 1967 yeye mwenyewe aliangushwa. Ulipofika wakati wa kutunga katiba mpya, vyama vikubwa vilielekea katiba ya Kiislamu. Wajumbe wa Kusini wakatoka nje.

Haki yataka isemwe kwamba si vyama vyote vilikuwa kitu kimoja. Chama cha Kikomunisti kilikubali Kusini ipewe utawala wake wa ndani. Lakini kilikuwa chama kidogo, na mwishoni mwa mwaka 1965 vyama vikubwa vilipiga kura bungeni kukipiga marufuku. Penye tofauti ya kweli hapakuwa na nguvu. Penye nguvu tofauti ilikuwa ya majina, ya koo na ya viti.

Katika uchaguzi wa mwaka 1968 Deng alizunguka Bahr el Ghazal akiomba kura. Barabarani kati ya Rumbek na Tonj, karibu na Cueibet, aliuawa pamoja na watu aliofuatana nao. Watu wa Kusini walilinyoshea kidole jeshi la serikali. Khartoum ilikana, ikawalaumu waasi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Mei, 1969, Jaafar Nimeiri alivifutilia mbali vyama vile vyote. Mwaka 1972 Mapatano ya Addis Ababa yaliipa Kusini utawala wa ndani, jambo linalokaribia lile aliloliomba Deng. Mwaka 1983 yalivunjwa, vita vikarudi, na uhuru ukaja tarehe 9 Julai, 2011.

Ndugu askari, ndugu polisi, maisha haya yana fundisho kwenu hasa. Vyama havikuja Juba mwaka 1965. Waliokuja mitaani ni watu wenye sare, waliotumwa au walioachiwa. Viongozi waliogombana leo hukaa meza moja kesho, lakini aliyeuawa kwa ajili ya ugomvi wao harudi. Tofauti ya chama na chama ipimwe kwa namna kinavyomtendea raia asiyekipigia kura. Na mwenye bunduki akumbuke kwamba alikabidhiwa silaha ile na taifa zima.