Livingstone, nyota za usiku na swali la mto Ruzizi

Kila mkaaji wa Luvungi anajua Ruzizi inaelekea wapi. Inatoka ku ziwa Kivu pale Bukavu, inashuka kati ya milima, inapita mu bonde, kisha inaingia ku ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Hakuna mtu wa kuuliza hilo. Lakini kati ya mwaka 1858 na 1871, wazungu wenye masomo makubwa walibishana juu ya jambo hilo hilo. Wengine walisema mto unatoka ziwani na kwenda kaskazini kuwa Nile. Aliyekuja kulimaliza kwa macho yake ni David Livingstone, mtu ambaye jina lake linatajwa shuleni tangu zamani, lakini kazi yake ya kila usiku haijulikani sana: kupima nyota.

Mtoto wa kiwanda

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini mu kiwanda cha pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Baada ya hapo ndipo alienda kusoma. Kwa njia hiyo ya taabu akafika kuwa munganga na mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini.

Safarini, nahodha wa meli alimuonyesha namna ya kutumia chombo cha kupima urefu wa nyota angani. Mwaka 1852 alisimama Cape Town, akaenda kujifunza zaidi kwa Thomas Maclear, mkubwa wa nyumba ya serikali ya kuchunguza nyota. Hao wawili wakabaki marafiki. Kila mara Livingstone alipopima mahali porini alituma hesabu zake Cape Town, na Maclear alizirudilia moja kwa moja kuona kama kuna kosa.

Namna ya kujua uko wapi

Wakati ule hapakuwa simu wala setilaiti. Msafiri aliyetaka kujua yuko wapi duniani alikuwa na mambo mawili ya kutafuta: ni umbali gani kutoka ikweta kwenda kaskazini ao kusini, na ni umbali gani kwenda mashariki ao magharibi.

La kwanza si gumu sana. Dunia inazunguka, na kwa macho yetu nyota zote zinazunguka nukta moja ya anga inayoitwa ncha. Kule Ulaya ncha ya kaskazini iko juu sana, na kuna nyota inayowaka karibu nayo. Kadiri unavyoshuka kuelekea ikweta, ncha hiyo inashuka pia. Luvungi iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo ncha ya kusini iko digrii 3 tu juu ya upeo wa macho, upande wa Uvira, na ile ya kaskazini imezama chini ya ardhi. Nyota ya kaskazini haionekani hapa, na karibu na ncha ya kusini hakuna nyota yenye kuwaka vizuri.

Ndiyo maana Livingstone hakutafuta ncha yenyewe. Alichagua nyota kubwa, akangoja mpaka ifike juu kabisa katika njia yake, akapima urefu wake. Kwa sababu milima na miti inaficha upeo wa macho, alimimina zebaki mu sahani ndogo. Zebaki ikitulia inakuwa kioo kilicholala sawasawa. Alipima pembe kati ya nyota ya juu na kivuli chake mu zebaki, akagawanya kwa mbili, kisha akafungua kitabu cha hesabu.

Jambo la pili ndilo lilimsumbua. Kujua mashariki na magharibi kunahitaji saa isiyodanganya. Dunia inageuka digrii 1 kila dakika 4, na huku kwetu karibu na ikweta digrii 1 ni kilomita 111 hivi. Saa ikikosea dakika moja tu, ramani inakosea karibu kilomita 28. Saa za Livingstone zilibebwa kichwani, zikavuka mito, na mapema mwaka 1867 zikapata mshindo njiani. Tangu pale vipimo vyake vya mashariki vikapotoka, na kosa lile likamfuata mpaka mwisho.

Wenye darubini za leo wanapigana na shida ileile. Darubini inayofuata nyota lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga barabara, la sivyo picha inatoka na mikwaruzo. Siku hizi wanafunga darubini ndogo juu ya ile kubwa, na nyuma yake kamera iliyounganishwa na kompyuta. Kamera inapiga picha, chombo kinageuzwa kidogo, inapiga tena. Programu inatafuta nukta ambayo nyota zote zimeizunguka, inaonyesha mhimili umekosea kiasi gani, na mtu anakaza skurubu. Mahali kama Luvungi, ambapo ncha iko chini sana na inafichwa na ukungu wa bonde, wanafuata nyota moja tu kwa dakika kadhaa. Ikiteleza kwenda kaskazini ao kusini, mhimili haujakaa sawa. Kazi aliyofanya Livingstone kwa jicho, kalamu na zebaki, leo kompyuta inaimaliza kwa muda mfupi.

Safari ya mwisho

Kati ya 1853 na 1856 Livingstone alivuka Afrika, akapita Luanda mpaka Quelimane. Akawa mtu maarufu Uingereza. Safari yake ya pili, ile ya Zambezi ya 1858 mpaka 1864, ilienda vibaya, na bibi yake Mary akafa huko mwaka 1862. Mwaka 1866 akarudi tena, safari hii kutafuta chanzo cha Nile.

Mambo yakawa magumu haraka. Mapema 1867 wabebaji walitoroka na sanduku la dawa. Akaona ziwa Mweru, kisha Bangweulu, akaingia katika Maniema. Vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi Kabambare. Alikuwa anachukia biashara ya watumwa, lakini bila chakula na msaada wa wafanyabiashara wale wale angekufa. Hilo ni jambo ambalo wanaomsifu hawapendi kulitaja.

Mwaka 1871 akafika Nyangwe, kando ya Lualaba. Alikuwa anaamini kabisa kwamba Lualaba ni Nile. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya umati. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza. Wengine walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kupita 300. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo Livingstone aliandika mambo hayo juu ya gazeti nzee, kwa wino wa matunda ya porini. Maandishi yakafifia. Zaidi ya miaka 100 baadaye wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, yakasomeka tena. Ikaonekana kwamba aliponakili habari ile baadaye, alibadilisha mambo kadhaa kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe.

Habari za Nyangwe zilipofika London zilitia moto. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Mdomo wa Ruzizi

Baada ya Nyangwe, Livingstone alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na bila kitu. Ndipo Henry Morton Stanley alimkuta. Novemba 1871 wawili hao wakapanda mtumbwi kwenda mwisho wa ziwa kaskazini, kutazama Ruzizi.

Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, lakini hawakufika mdomoni. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani. Hata hivyo mabishano yaliendelea Ulaya, kama vile neno la watu wanaovua na kunywa maji yale halina uzito mpaka mzungu aone. Livingstone na Stanley waliingia mdomoni, wakaona maji yanakuja mbele yao. Ruzizi inaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli miaka 13 mbele.

Hawakupanda mpaka Luvungi. Walirudi Ujiji, na Stanley akaenda zake mwaka 1872.

Livingstone alikataa kurudi Ulaya. Alibaki na wazo la Lualaba. Akazunguka maji ya Bangweulu, vipimo vya zamani vikimpotosha, huku anatoka damu na kubebwa. Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili na kuubeba mpaka Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Njiani, kule Unyanyembe, wabebaji walikutana na Verney Lovett Cameron, naye akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu. Mwaka 1874 Cameron akafika Nyangwe, akapima kimo cha Lualaba, akakuta iko chini kuliko Nile ya Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Mwaka 1877 Stanley akafuata mto huo mpaka Boma, na jambo likaisha: Lualaba ni Kongo.

Livingstone alikosea mto, lakini namba zake zilikuwa kati ya zile za kwanza kuweka sehemu hizi kwenye ramani za Ulaya. Ramani hizo zilipofika, waliofuata hawakuja na zebaki peke yake. Ruzizi yenyewe Wabelgiji na Wajerumani waliigombania mpaka 1910, wakaigeuza mpaka. Wakaaji wa ng'ambo zote mbili, ambao walijua maji yanaelekea wapi tangu zamani, hakuna aliyewauliza.