Mama Bethune na Dola Moja na Nusu

Msimu huu vijana wetu wanajaza maombi ya chuo, nasi tunamkumbuka Mary McLeod Bethune. Alizaliwa mwaka 1875 Mayesville, South Carolina, kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa, akachuma pamba tangu utotoni. Ada yake ililipwa na fundi cherehani wa mbali asiyemjua. Alisoma hadi Chicago akitamani kwenda Afrika kuwa mmisionari, lakini aliambiwa hakuna nafasi kwa Mweusi. Sisi tuliotoka huko tunaona hasara ilikuwa yetu!

Mwaka 1904 akafungua shule Daytona, Florida, akiwa na dola moja na nusu na wasichana watano. Makasha yakawa madawati. Mama akaoka pai za viazi vitamu, akaziuza kupata fedha za kuiendesha. Ndiyo leo Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman.

Kuanzia mwaka 1936, chini ya Rais Roosevelt, alisimamia fungu maalumu la serikali kwa wanafunzi Weusi wa shahada za juu. Alifariki mwaka 1955, akazikwa palepale chuoni.