Mwalimu Nyerere na hesabu ya kura tatu Tabora

TABORA, mji uliokuwa njia panda ya misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji, ndio uliomlea kielimu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali Tabora, na baada ya masomo ya Makerere alirejea mjini humo kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria kuanzia mwaka 1946. Baadaye alisoma Edinburgh, kisha Julai 7, 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU.

Januari 1958 alirudi Tabora akikabiliwa na mtihani mgumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu wa kura tatu. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuwachagua wote watatu, la sivyo kura yake iliharibika. Masharti ya elimu, kipato au wadhifa yaliwaacha nje Waafrika wengi.

Wajumbe wengi wa mkutano mkuu wa TANU waliuona mpango huo kuwa tusi, wakataka uchaguzi ususiwe. Nyerere alipiga hesabu nyingine. Kususa kungekiachia viti chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining. Lakini kwa kuwa wapiga kura wa rangi zote waliwachagua wagombea wote, kura za Waafrika zingeweza kuamua hata Mwasia na Mzungu wa kuingia barazani.

Hoja yake ilishinda, na azimio hilo likaitwa Uamuzi wa Busara. Gharama haikukosekana: Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama cha African National Congress.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono, miongoni mwao Derek Bryceson na Amir Jamal, waliibwaga UTP. Mwaka 1960, kura tatu zikiwa zimefutwa, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uhuru ukafuata Desemba 9, 1961.

Mwalimu alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Mtego uliotegwa kuwagawa wananchi kwa rangi aliugeuza kuwa daraja la uhuru, na daraja hilo lilijengwa Tabora.