Al-Jazari: Fundi aliyepanga midundo kabla ya stima

Kama unatengeneza biti ukiwa Kutulo, unajua uchungu wa betri ya sola kuzima kabla hujaseivu. Umecheza na seti za sinthesaiza usiku kucha, umeandika skripti ya kuipangia midundo, halafu giza. Ukiwasha tena, mashine imesahau kila kitu. Sasa kuna mzee mmoja aliyepambana na mambo haya haya miaka 800 iliyopita, na stima hakuwa nayo.

Anaitwa Ismail al-Jazari. Jina hilo la mwisho linatokana na Jazira, nchi iliyo kati ya mito Tigris na Frati. Kwa miaka kama 25 alikuwa fundi wa wafalme wa ukoo wa Artuqid huko Diyarbakir, mji ambao leo uko Uturuki. Alimtumikia baba, kisha wanawe wawili.

Kazi yake kubwa ilikuwa saa ya maji yenye umbo la ngome, zaidi ya mita 3 kwenda juu, na wanamuziki wa bandia wa kupiga ngoma, tarumbeta na matoazi. Shida ilikuwa hii: enzi hizo mchana uligawanywa saa 12, uwe mrefu au mfupi. Kwa hivyo saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya baridi, na mashine ilibidi ibadilishwe seti kila siku. Al-Jazari alijaribu kifaa cha watangulizi wake, akakuta kinadanganya. Akatengeneza kisahani cha duara chenye alama za mwaka mzima. Unakizungusha hadi siku ya leo, kasi ya maji inabadilika, basi. Huhitaji kubomoa kitu. Hiyo ni nobu kabisa, msinibishie.

Na kumbukumbu je? Maji yenyewe. Kiwango kilichobaki tangini ndicho kilichosema saa imefika wapi. Jioni tangi likiisha, fundi alilijaza upya na kurudisha kila kitu mwanzo.

Lakini mimi kinachonimaliza ni ile mashua. Aliiunda ielee kwenye bwawa kuburudisha wageni wa mfalme, ikiwa na wanamuziki wanne: wa filimbi, wa kinubi na wawili wa matari. Ndani, maji yalijaa kwenye ndoo hadi ikapinduka, yakasukuma gurudumu, gurudumu likazungusha mti wenye vijiti vilivyochomoza. Kila kijiti kikipita kinagusa wenzo, na mkono wa mpigaji unashuka. Noel Sharkey, profesa wa Sheffield, Uingereza, aliunda mfano wake na kuonyesha kwamba ukihamisha vijiti, mdundo unabadilika. Skripti ya mbao! Tena hii haisahau. Zima, lala, rudi wiki ijayo, vijiti viko palepale ulipoviacha.

(Ndugu watatu wa Banu Musa wa Baghdad walishaeleza filimbi ya kujipiga yenyewe karne ya 9, kwa hivyo tusimpe mzee sifa zote.)

Mfalme Nasir al-Din Mahmud ndiye aliyemwambia aandike. Naona amri hiyo ilituokoa, maana mashine zenyewe zimepotea. Kitabu kilikamilika 1206, kina vifaa 50, na michoro na vipimo vya kumwezesha mtu mwingine kuviunda. Mwaka 1976 saa ya ngome iliundwa upya London kwa kufuata maelezo yake.

Inaaminika alifariki mwaka huo huo wa 1206. Sehemu moja ya kitabu wapenzi wa muziki huiruka: mashine tano za kupandisha maji, moja ikiendeshwa na mto wenyewe. Ukitoka Kutulo kwenda El Wak, ambako "el" ni kisima kwa Kisomali na wafugaji wamevuta maji kwa kamba na mikono vizazi na vizazi, hiyo ndiyo sehemu wangemuuliza kwanza.