Jackie Robinson hakuwa bubu

Imo katika shule zetu desturi ya kuyageuza maisha ya mashujaa kuwa dawa ya kuwatulizia watoto. Humtwaa mtu mkubwa, tukampogoa matawi yote, tukabakiza kile kijiti kinachofaa kwa nidhamu ya darasa. Hivi majuzi, nikizungumza na walimu wa lugha mjini Voi, niliusikia upogoaji huu ukifanywa kwa nia njema kabisa. Mwalimu mmoja alieleza kwamba huwasimulia wanafunzi wake habari za Jackie Robinson, Mmarekani mweusi aliyeuvunja mpaka wa rangi katika besiboli ya ligi kuu mwaka wa 1947. Alitukanwa, akanyamaza, akashinda. Na hadithi hiyo hufungwa kwa methali: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sina ugomvi na methali. Ugomvi wangu ni juu ya nusu ya hadithi iliyotupwa, hasa inapotupwa katika Taita Taveta, kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, na ambayo mashamba makubwa ya mkonge yametanda Voi hadi Mwatate. Mtoto wa hapa huenda siku moja akalazimika kusimama mbele ya baraza au mahakama na kuidai haki yake kwa maneno. Tukimfunza kwamba ushujaa ni kufumba mdomo, tumemfunza nini?

Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 huko Cairo, mji mdogo wa Georgia, akiwa mjukuu wa watumwa. Baba aliitoroka familia, na mama, Mallie, akawachukua watoto wake watano hadi Pasadena, California, akawalea kwa kazi za nyumbani za watu wengine. Kaka yake, Mack, alipata nishani ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin ya 1936, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi kwao, kazi aliyopewa ni kufagia barabara. Jackie mwenyewe aling'ara katika michezo minne kwenye chuo kikuu cha UCLA, lakini mwaka wa 1941 aliacha masomo kabla ya kuhitimu, akiamini kwamba shahada haingemfaa kitu mtu mweusi. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Mwaka wa 1944 alikuwa luteni wa jeshi huko Texas. Dereva wa basi la kambini alimwamuru ahamie viti vya nyuma, naye akakataa. Wazee wa Voi walioipanda reli ya Mombasa kabla ya uhuru, wakiyajua vyema mabehewa ya daraja la tatu na ni nani waliokusudiwa kukaa humo, hawahitaji kufafanuliwa uzito wa kukataa huko. Robinson alijibizana na wakubwa zake, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akajitetea, akaachiliwa. Haya yalitukia miaka 11 kabla ya Rosa Parks kukataa kuondoka kitini kule Montgomery. Basi mtu huyu hakuzaliwa mnyamavu. Ulimi alikuwa nao, tena mkali.

Mwaka uliofuata aliichezea Kansas City Monarchs katika ligi ya weusi. (Mapigo yake 49 ya msimu huo yalikaa nje ya vitabu vya ligi kuu hadi mwaka wa 2024, rekodi za ligi za weusi zilipounganishwa na za ligi kuu na jumla yake ikapanda kutoka 1,518 hadi 1,567.) Tarehe 28 Agosti 1945 aliitwa Brooklyn na Branch Rickey, kiongozi wa klabu ya Dodgers. Rickey aliigiza mbele yake karani wa hoteli anayemfukuza na mchezaji anayemtukana, apate kumpima. Kisha akamtaka asijibu kitu kwa muda wa miaka mitatu.

Hapo ndipo mwanaisimu ninapotaka kusimama kidogo. Kimya cha asiyeweza kusema hakina maana. Ni ukosefu wa sauti tu. Kimya cha anayeweza kusema, aliyekubali kwa hiari kuuzuia ulimi wake kwa muda uliotajwa na kwa shabaha inayojulikana, ni tendo la lugha kama lilivyo tusi au ombi. Robinson aliingia katika mapatano, na mapatano hayo yalikuwa na mwisho.

Aliyatimiza. Baada ya msimu mmoja Montreal, aliingia uwanja wa Ebbets tarehe 15 Aprili 1947. Ambaye hajauona mchezo huu na aukumbuke ule wa raunda unaochezwa katika shule zetu za msingi: mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Robinson alikuwa hodari wa kuiba vituo, yaani kuchomoka mbio kabla mpira haujapigwa. Mwaka huo aliiba 29, akiwapita wote katika ligi yake, na akatangazwa mchezaji mpya bora. Meneja wa Philadelphia, Ben Chapman, alimporomoshea matusi ya rangi, na barua za kutishia kumuua zilimfikia. Hakujibu.

Muda ulipokwisha, mwaka wa 1949, alianza kusema. Alibishana na waamuzi, akawarudishia wapinzani maneno yao, na magazeti yaliyomsifu kwa upole yakamwona mkorofi. Ajabu ni kwamba huo ndio msimu wake bora kuliko yote: kila mara 100 aliposhika gongo alipata mapigo 34 hivi, na akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Waalimu wenzangu, hapa ndipo methali yetu inapokwama.

Si kila alilosema lilikuwa jema. Julai 1949 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kumpinga mwimbaji Paul Robeson, na japo aliulaani ubaguzi papo hapo, naona alikubali kutumiwa. Yeye mwenyewe baadaye alimtazama Robeson kwa heshima kubwa zaidi.

Alistaafu baada ya msimu wa 1956, mwaka mmoja baada ya kuiwezesha Brooklyn kutwaa ubingwa. Na sasa turudi kwenye ile shahada aliyoiacha. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alikuwa Marekani akitafuta nauli za vijana wa Kenya waliokuwa wamepata nafasi vyuoni huko, wakati ambapo Makerere ilikuwa na nafasi chache mno kwa Afrika Mashariki nzima. Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, alitia sahihi barua za kuwaomba Wamarekani michango. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi. Safari za 1960 zilimchukua, miongoni mwa wengi, msichana wa Nyeri ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai. Wanafunzi wa Dr. Aggrey kule Wundanyi, ambao shule yao imebeba jina la Mwafrika aliyekwenda Marekani kusoma mwaka wa 1898, wanastahili kuujua ukurasa huu. Mwanamichezo aliyekata tamaa na shahada yake ndiye aliyewaombea wengine nauli ya kuzifuata zao.

Tarehe 15 Oktoba 1972 alisimama mbele ya umati huko Cincinnati kupokea heshima. Kisukari kilikuwa kimekaribia kumpofusha, na nywele zilikuwa nyeupe ingawa alikuwa na miaka 53 tu. Alishukuru, kisha akasema kwamba angependa kumwona mtu mweusi akiwa meneja wa timu ya ligi kuu. Siku tisa baadaye alifariki. Meneja wa kwanza mweusi, Frank Robinson, asiye ndugu yake, alianza kazi Cleveland mwaka wa 1975. Mwanawe wa mwisho, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980, akalima kahawa kwa ushirika na wakulima wa Mbozi na kuitafutia soko Marekani.